Hagedorn, Mzee wa Denmark Aliyefanya Insulini Ijue Saa

Wasee, story ya leo iko ndani ya kachupa kadogo sana. Ingia kemisti yoyote hapa Huruma, iwe ni upande wa Ngei ama huku karibu na Kiamaiko, uulize insulini. Mara mob utapewa dawa yenye ukungu. Ukiiacha itulie, unga mweupe unashuka chini na maji yanabaki juu. Daktari ataiita NPH, ama atakuandikia mchanganyiko wa 30/70, na kwa huo mchanganyiko ile 70 ndio NPH yenyewe.

Kuna watu wanajidunga hii kitu asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, na hawajawahi ambiwa hizo herufi ni za nini. N inasema dawa haiko upande wa asidi wala wa magadi, iko katikati. P ni protamini. H ni mtu. Anaitwa Hans Christian Hagedorn, daktari wa Denmark, na alikufa 1971.

Hakuvumbua insulini. Hiyo sifa ni ya wale wasee wa Toronto, na ndio kila mtu anawajua. Kazi ya Hagedorn ilikuwa ingine: aliifunza insulini kungoja. Na kama uko na mtu wa sukari kwa keja yenu, mathee, fathe ama bro mdogo, hii ndio sehemu ya story inakuhusu. Kiasi cha dawa ni muhimu, lakini saa yenye dawa inafika kwa damu inaweza kukuokoa ama kukuangusha.

DAKTARI WA MASHAMBANI

Hagedorn alizaliwa Copenhagen tarehe 6 Machi 1888. Alisomea udaktari huko huko jijini, alafu akaenda kufanya kazi mashambani, mji mdogo unaitwa Brande, huko Jutland. Kama unafikiria daktari wa kijijini hawezi fanya sayansi ya maana, ngoja.

Hapo Brande alikutana na jamaa wa duka la dawa anaitwa Birger Norman Jensen. Wakati huo kupima sukari ya damu ilikuwa kazi ngumu na ilihitaji damu nyingi. Hebu fikiria kutolewa damu hivyo mara kadhaa kwa siku moja. Hawa wawili wakatengeneza njia ya kupima kwa kutumia matone machache tu, na wakaichapisha 1918. Njia yao ilienea na ikatumika maabara nyingi za dunia kwa miaka mingi.

Usipite hapo haraka. Ukiweza kupima mara moja tu kwa siku, unajua sukari iko juu ama chini, basi. Ukiweza kupima kila saa, unaanza kuona mwendo: inapanda lini, inashuka lini, na inachukua muda gani kurudi. Hagedorn alianza kuona ugonjwa wa sukari kama kitu chenye ratiba. Mwaka wa 1921 aliandika utafiti wake mkubwa wa chuo kuhusu vile mwili wa binadamu unaongoza sukari ya damu. Insulini ilikuwa haijafika Denmark bado, lakini yeye alikuwa tayari anasoma saa.

BIBI YA PROFESA

Copenhagen kulikuwa na profesa mkubwa, August Krogh, aliyeshinda tuzo ya Nobel 1920. Bibi yake, Marie, alikuwa daktari na mtafiti pia. Na Marie alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari wake? Hagedorn.

Kabla ya insulini, mtoto akipatikana na aina ya ugonjwa yenye kongosho imeacha kabisa kutengeneza insulini, wazazi walijua ni suala la muda. Matibabu ilikuwa kunyimwa chakula, mtu anakonda hadi anabaki mifupa, ili asogeze siku mbele kidogo. Alafu Januari 1922, kijana wa miaka 14 huko Toronto, Leonard Thompson, akadungwa dawa iliyotoka kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Dozi ya kwanza haikuwa safi. James Collip akaisafisha, na ya pili ikashika. Dunia ikasimama.

Mwaka huo huo Krogh alialikwa Marekani kutoa mihadhara. Marie alikuwa ameskia hiyo habari ya dawa mpya, na ni yeye alimsukuma bwana yake asirudi nyumbani bila kupita Toronto. Wakafika huko Novemba 1922, na Krogh akarudi na ruhusa ya kutengeneza insulini Scandinavia. Kabla Krismasi ifike, yeye na Hagedorn walikuwa tayari wanajaribu kuitoa kwa kongosho ya mnyama.

Zamani insulini yote ilitoka bucha kubwa, kwa kongosho za ng'ombe na nguruwe. Kama umewahi pita Kiamaiko asubuhi mbuzi wakichinjwa, unajua kuna vitu vya ndani vyenye hakuna mtu anabishania. Denmark ilikuwa nchi ya kufuga na kuuza nyama ya nguruwe, kwa hivyo mali ghafi ilikuwa mob. Mwenye kampuni moja ya dawa, August Kongsted, akatoa pesa, na Machi 1923 wagonjwa wa kwanza wakadungwa insulini iliyotengenezwa Denmark. Hivyo ndivyo Nordisk Insulinlaboratorium ilizaliwa. Ikawekwa kama shirika lenye faida yake ingeenda kwa utafiti na wagonjwa. Mwaka wa 1932 hiyo faida ilijenga hospitali ya wagonjwa wa sukari, Steno, huko Gentofte karibu na Copenhagen.

BEEF YA NDUGU WAWILI

Sasa, Hagedorn hakuwa mtu mrahisi. Alikuwa mkali, na kazini neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Kati ya watu wa kwanza kwa hiyo kazi kulikuwa na ndugu wawili, Harald na Thorvald Pedersen. Harald alikuwa fundi wa mitambo ya Krogh, na Thorvald alikuwa wa mambo ya dawa. Thorvald na Hagedorn hawakuelewana hata kidogo, na 1924 Hagedorn akamfuta. Harald naye akasema kama bro wake anaenda, yeye pia anaenda.

Hao ndugu hawakuenda kulia nyumbani. Wakaanza kutengeneza insulini yao wenyewe, na 1925 kampuni yao ikajulikana kama Novo. Kwa zaidi ya miaka 60, kampuni mbili za mji mmoja zilipigania soko moja, na kila moja ikigundua kitu, ingine inakesha ikitafuta jibu. Wagonjwa ndio walifaidika na hiyo beef.

SHIDA YA SAA

Insulini ya kwanza ilikuwa maji safi kama machozi. Hiyo aina bado iko, ndiyo ile 30 kwa mchanganyiko wa 30/70. Inaanza kazi baada ya kama nusu saa, inafika kilele kati ya masaa 2 na 4, na kufikia masaa 6 hadi 8 imeisha.

Hesabu na wewe. Siku iko na masaa 24. Mgonjwa alihitaji sindano 3 ama 4, na usiku ilikuwa ni kuamka ama kulala bila dawa. Watoto walikuwa wanaamshwa usiku wa manane wadungwe. Wale hawakuamshwa, asubuhi sukari ilikuwa imepaa hadi mawinguni. Alafu wanadungwa nyingi ili kuishusha, inaporomoka, wanatetemeka, wanapewa sukari, inapaa tena. Bembea ya kila siku.

Kongosho nzima haifanyi hivyo. Inatoa insulini kidogo kidogo usiku na mchana, kwa midundo ya kila dakika chache, na ukikula inaongeza haraka. Hiyo insulini inapita kwa ini kwanza kabla ifike mwili mwingine. Sindano inaweka dawa yote mahali pamoja chini ya ngozi, na kutoka hapo ni bahati na hesabu. Hagedorn alielewa kwamba hauwezi mpea mtu kongosho mpya, lakini labda unaweza fanya dawa iingie kwa damu polepole.

MBEGU ZA SAMAKI

Hii sehemu ukiambia mabeste watadhani unawadanganya. Insulini ikiwa ndani ya maji ambayo si asidi wala magadi, kama damu yetu ilivyo, inayeyuka haraka. Hagedorn na timu yake walitafuta kitu cha kuishika isiyeyuke hivyo. Walijaribu vitu vingi. Chenye kilifanya kazi ni protini inaitwa protamini, na walikuwa wanaitoa kwa shahawa za samaki aina ya trauti. Ndio, trauti kama wale wako kwa mito baridi ya Mlima Kenya huko Nyeri.

Protamini na insulini zinashikana, zinakuwa unga usioyeyuka upesi. Ukidunga huo unga chini ya ngozi, mwili unaumung'unya polepole kama peremende, na insulini inatoka taratibu kwa masaa mengi. Huo ukungu kwenye kichupa ndio huo unga. Ndio maana unaambiwa ukizungushe kichupa kati ya viganja, polepole, kama mara 20, kabla ya kuvuta dawa. Usipokizungusha, leo utavuta maji matupu na kesho utavuta unga mtupu, alafu utashangaa mbona sukari inaruka kama mbuzi.

Hagedorn, Jensen, Krarup na Wodstrup walichapisha hiyo kazi kwa jarida la madaktari wa Marekani Januari 1936. Elliott Joslin wa Boston, daktari wa sukari aliyeheshimika kuliko wote Marekani, alikuwa anagawanya historia ya ugonjwa huu kwa vipindi. Baada ya kipindi cha Banting, kilichofuata alikiita kipindi cha Hagedorn.

JANUARI HIYO HIYO, LONDON

Sasa cheki hii. Januari hiyo hiyo ya 1936, daktari mwingine, Harold Himsworth wa London, alichapisha kitu kwenye jarida la Lancet. Alikuwa amechukua wagonjwa wa sukari, akawapea glukosi wanywe na wakati huo huo akawadunga insulini. Kwa wengine sukari haikupanda sana, mwili uliskia dawa. Kwa wengine sukari ilipaa kama vile hakuna kitu wamedungwa. Mwili haukuskia.

Unajua vile tunasema mtu haskii dawa? Himsworth aliipima hiyo kwa nambari. Hapo ndipo dunia ilianza kuelewa kwamba kuna wale hawana insulini, na kuna wale wako nayo lakini mwili umeziba maskio. Leo tunawaita aina ya 1 na aina ya 2, ingawa mgawanyo wenyewe si mnyoofu hivyo.

Kwa hivyo mwezi mmoja ulileta maswali mawili. Hagedorn aliuliza dawa inafika saa ngapi. Himsworth aliuliza mwili unaiskia kiasi gani. Ilichukua miaka mingi kwa watu kuona kwamba hayo maswali yanashikana.

MWILI UKO NA SAA YAKE

Vile mwili unaskia insulini haibaki sawa siku nzima. Kati ya saa 6 usiku na saa 9 hivi, unaiskia sana, dawa kidogo inafanya kazi kubwa. Ikikaribia alfajiri, homoni za kukuamsha zinaanza kupanda, ini linamwaga sukari kwa damu, na mwili unaanza kuwa kiziwi kidogo. Ndio maana mtu wa sukari anaweza lala na 7 na aamke na 13, na hajakula kitu.

Weka dawa ya Hagedorn juu ya hiyo ramani. NPH inafika kilele kati ya masaa 4 na 10 baada ya sindano, alafu inafifia kati ya masaa 12 na 18. Ukiidunga saa 1 jioni pamoja na supper, kilele chake ni kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Ina nguvu zaidi wakati mwili unaiskia zaidi, kwa hivyo sukari inaweza anguka ukiwa umelala. Alafu kukikucha, wakati unaihitaji kweli, inaanza kufifia.

Watafiti wa Italia waliijaribu hii na wakachapisha 2002. Walichukua watu wa aina ya 1 na wakasogeza NPH ya jioni kutoka wakati wa supper hadi wakati wa kulala. Sukari ya usiku ikaacha kuanguka mara nyingi, na ya asubuhi ikawa poa. Kilichofanya kazi kilikuwa kuihamisha dawa kwa saa.

Na kuna upande wa pili, saa mbaya inaharibu maskio yenyewe. Sukari ikikaa juu kwa muda, hata siku moja tu, mwili unapunguza kuskia insulini. Sukari ikianguka usiku, homoni za dharura zinapanda kukuokoa, na kwa masaa kadhaa baadaye insulini inapata kazi ngumu. Nayo insulini ikijaa kwa damu kila wakati bila kupumzika, chembe zinapunguza milango ya kuipokea, kitu kilichoonekana tangu miaka ya 1970. Majaribio ya miaka ya 1980 yalionyesha pia kwamba kiasi kile kile cha insulini kikipewa kwa midundo, kama kongosho inavyofanya, kinashusha sukari zaidi kuliko kikimwagwa bila kupumzika. Kwa hivyo dozi yako ikikosa saa leo, inaweza fanya dozi ya kesho iskike kidogo.

NPH YENYEWE

Tumalizie kwanza story ya dawa. Protamini ya 1936 ilikuwa na kasoro. Toronto waliongeza zinki ndio ikae zaidi ya siku moja, lakini hiyo aina ilikuwa na protamini ya ziada. Ukichanganya na insulini safi kwa sindano moja, protamini inaimeza na kuifanya polepole pia. Ulilazimika kudunga mara mbili.

Denmark ilikuwa imevamiwa na Wajerumani kutoka 1940 hadi 1945. Vita vilipoisha, 1946, maabara ya Hagedorn ikatoa jibu. Charles Krayenbühl na Thomas Rosenberg walipata kipimo ambapo protamini na insulini vinatoshana kabisa, hakuna inayobaki, na vinakuwa fuwele ndogo ndogo. Hiyo ndiyo NPH. Sasa ungeweza kuichanganya na insulini safi kwa sindano moja, ya haraka kwa chakula na ya polepole kwa masaa yanayofuata. Ilifika soko la Marekani 1950. Novo, wale ndugu wa beef, walijibu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950 na insulini za zinki peke yake zilizoitwa Lente.

NA HAPA HURUMA JE?

Chukua msee yeyote wa mjengo hapa mtaani mwenye anajidunga mchanganyiko. Anaamka, anadunga saa 12 asubuhi, anakunywa chai na mandazi, anatoka mguu niaje hadi saiti. Saa 4 NPH inaanza kupanda kileleni na itakaa huko hadi saa 10. Na amebeba saruji tangu asubuhi. Kazi ya misuli inafanya mwili uskie insulini zaidi, na hiyo athari inaweza endelea hadi siku ya pili. Sasa foreman aseme lunch ni baadaye, ama doh ya kibandaski haijatoka. Dawa haijui hakuna doh. Inaendelea kushusha.

Jasho linatoka, mikono inatetemeka, maneno yanapotea, anaanza kupepesuka. Watu wanacheka wakisema ameanza keroro mapema. Hiyo si pombe, na hiyo dakika ndiyo inaamua kama atarudi hao. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko 3 ama 4 vya chai vya sukari ndani ya maji, ama nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, si ile haina sukari. Ngojeni dakika 15. Kama bado, rudia. Akipata nafuu akule chakula. Akiwa amezimia usimwagie kitu mdomoni, kimbiza hospitali.

Sasa badilisha picha. Msee huyo huyo ameshikwa na malaria ama homa ya mapafu. Mwili unapigana na ugonjwa na unaacha kuskia insulini vizuri. Hakuli, kwa hivyo anafikiria aache dawa. Kwa mtu wa aina ya 1, hapo ndipo watu wanapotea, juu mwili unaweza hitaji insulini zaidi hata kama sahani iko tupu. Hiyo siku ni ya kupima na kwenda kliniki, si ya kuficha sindano chini ya godoro.

Kuna wale wa shift ya usiku, masoja, wasee wa mat, madem wa kampuni za Industrial Area. Mwili wao unalala mchana na kula usiku, lakini karatasi ya kliniki imeandikwa asubuhi na jioni. Kuna Waislamu wa Kiamaiko na Eastleigh wakati wa Ramadhani, daku na futari zikibadilisha saa zote. Hawa wote wanahitaji ratiba yao, na daktari hawezi kuitengeneza kama hawajamwambia wanaishi vipi. Ukienda kliniki, iwe ni ya mtaa ama Mama Lucy, usiseme tu kwamba unatumia dawa. Sema unadunga saa ngapi, unakula saa ngapi, unalala saa ngapi, na sukari inaanguka saa ngapi. Usijibadilishie dozi mwenyewe juu umesoma hapa.

Na mahali unadunga pia ni saa. Tumboni dawa inaingia haraka kuliko pajani. Ukidunga doa moja kila siku, panafura na kuwa pagumu, na dawa inatoka hapo vile inataka. Hamisha hamisha.

Hauna friji? Kuna habari poa, na imetoka hapa hapa Kenya. Watafiti wa MSF na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la manyumba kwa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab, alafu wakaijaribu insulini kwa joto hilo la kupanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Baada ya wiki 4 ilikuwa bado na nguvu yake, na matokeo yalichapishwa 2021. Kwa hivyo kichupa kinachotumika kinaweza kaa kwa chungu cha udongo chenye kivuli. Usikiweke tu juani ama juu ya jiko.

ALIPOISHIA

Hagedorn aliongoza Nordisk kwa miongo mingi na alikufa tarehe 6 Oktoba 1971, akiwa na miaka 83. Hakuona Nordisk na Novo zikiungana 1989, mahasimu wa miaka yote wakawa Novo Nordisk. Hakuona pia insulini ikianza kutengenezwa na vijidudu badala ya kongosho za bucha, kuanzia miaka ya 1980. Mwaka wa 2021 WHO iliweka insulini mpya za muda mrefu kwa orodha yake ya dawa muhimu. Hizo hazina kilele kikali kama NPH, na kwa wengi zinapunguza sukari kuanguka usiku. Lakini NPH bado iko kwa hiyo orodha, juu ni ya bei nafuu, na ndiyo mtu wa kawaida anaipata.

Kwa hivyo ile dawa ya ukungu itakuwa mtaani kwa muda. Kama kuna mtu wenu anaitumia, leo usiku muulize swali moja: sindano ya jioni huwa anadunga saa ngapi, na asubuhi anaamka na ngapi? Andikeni hizo nambari za wiki moja kwa karatasi, na siku ya kliniki aende nayo.